Mwongozo kamili: kurekebisha rekodi za jeshi la Marekani na kudai medali zako ukiwa Arusha au Moshi

Huu mwongozo ni wa wale wenzetu waliovaa gwanda la jeshi la Marekani. Wengine waliingia kwa grini kadi ya bahati nasibu, wengine kwa ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009 na kusimamishwa 2016, uliokuwa unachukua hata watu wenye viza za kawaida ilimradi wanajua lugha adimu na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Wakatumikia, wakapata uraia, baadae wakarudi kufungua kampuni ya utalii Sakina au kujenga Kiborloni karibu na wazee. Sasa unaomba kazi ya ulinzi kwenye shirika la kimataifa hapa Arusha, wanataka cheti chako cha kutoka jeshini, ile DD-214, unakitoa kwenye bahasha ndo unaona medali ya Afghanistan haipo, au miezi uliyokaa nje imeandikwa sifuri, au jina la ukoo limekaa mahali pa jina la kwanza.

Inarekebishika, tena ukiwa hapa hapa, na maombi yenyewe ni bure. Ila natanguliza kitu kimoja kinachowaangusha wengi. Bodi za kule, zile zinazoamua maombi ya kurekebisha rekodi za jeshi, hazikufanyii uchunguzi. Zinaanza kwa kuamini rekodi iliyopo iko sahihi, wewe unayelalamika ndo ulete ushahidi unaoonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi imekosewa kuliko kwamba iko sawa. Barua ya machungu kurasa sita bila kiambatanisho itakataliwa hata kama kila neno ni kweli.

Anza na faili, sio malalamiko

Usiguse fomu ya bodi kabla hujaona faili lako zima. DD-214 ni muhtasari tu, yani mtu alikaa kwenye kompyuta siku zako za mwisho kikosini akaandika alichokiona, na mara nyingi ulisaini haraka sababu akili ilishakuwa kwenye ndege. Faili lenyewe ndo lina mikataba, oda, tathmini za kila mwaka na vyeti vya medali.

Unaliomba kupitia kituo chao cha kumbukumbu za watumishi, NPRC, kiko St. Louis, Missouri. Njia ya haraka ni onlaini kwa mfumo wa eVetRecs, lakini lazima uthibitishwe na ID.me, huduma ya mtandaoni ya kuhakiki kwamba wewe ni wewe, na hapo watu wa huku wanakwama kwenye namba ya simu. Ukikwama, tafuta chaguo la kuhakikiwa kwa video, weka pasi ya kusafiria mezani, kaa sehemu yenye mwanga na bando la kutosha. Ikigoma kabisa, printi fomu SF-180, jaza, saini kwa mkono na weka tarehe, tuma kwa EMS pale Posta. Bila saini hawaigusi.

Kwenye ombi andika wazi kwamba unataka faili kamili pamoja na DD-214 nakala ndefu, ile inayoitwa Member 4. Kuna nakala fupi ambayo imeondolewa sababu ya kutoka na aina ya kuachishwa, hiyo haitakusaidia kitu kwenye bodi. Rekodi za matibabu kwa waliotoka miaka ya karibuni kwa kawaida ziko kwa VA, idara yao ya maveterani, kwa hiyo ziombe kivyake. Na kama ulikuwa kikosi cha akiba cha jimbo, yani National Guard, karatasi yako kuu inaweza kuwa NGB-22, itaje hiyo pia.

Ukitaka kupiga simu, kumbuka St. Louis wako nyuma yetu masaa 8 kipindi chao cha joto na 9 kipindi cha baridi. Wao wakiwa saa mbili asubuhi, huku ni saa kumi au kumi na moja jioni.

Kama mwenye rekodi amefariki, mjane ambaye hajaoa au kuolewa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada anaweza kuomba. Yani mama wa Marangu aliyefiwa na kijana wake ana haki kabisa, cha msingi awe na cheti cha kifo na kitu kinachoonyesha undugu. Cheti cha RITA kikiwa cha Kiswahili kitafsiriwe, na mtafsiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, asaini, aweke tarehe.

Soma cheti kiboksi kwa kiboksi

Weka DD-214 na faili mezani, chukua kalamu. Kiboksi 1 ni jina, 4 ni cheo, 11 ni fani yako na muda ulioifanya, 12 ni tarehe zote za utumishi, na ndani yake 12f ndo muda wa nje ya Marekani. 13 ni medali, nishani na beji. 14 ni kozi. 18 ni maelezo ya ziada. 24 inasema uliachishwa kwa hadhi gani, 26 na 27 ni misimbo, yani code, 28 ni sababu kwa maneno.

Tuchukue mfano. Kiboksi 18 kimeandikwa ulitumikia Afghanistan 20120310 mpaka 20121205, wanaanza na mwaka, mwezi, siku. Kiboksi 13 kina medali ya ulinzi wa taifa, medali ya huduma ya vita dhidi ya ugaidi na utepe wa jeshi, basi. Medali ya kampeni ya Afghanistan inataka siku 30 mfululizo au 60 za kuunganisha, na wewe una karibu miezi tisa. Hapo cheti kinajipinga chenyewe. Hiyo ndo kesi tamu kuliko zote, wala hauhitaji bodi, nitaeleza.

Sasa linganisha na vigezo vya kila medali, sio na kumbukumbu yako. Medali ya ulinzi wa taifa ilitolewa kwa waliokuwa kwenye utumishi kamili kuanzia 11 Septemba 2001 mpaka 31 Desemba 2022. Ile ya kampeni ya Afghanistan inaishia 31 Agosti 2021. Uliyekaa Korea siku 30 mfululizo una medali yako ya Korea, hii watu wanaisahau sana sababu kule hakukuwa na risasi kwa hiyo mtu anaona kama alienda kufanya kazi ya ofisi. Medali ya tabia njema ya jeshi la nchi kavu kwa kawaida ni miaka mitatu isiyo na doa, na kamanda ana kauli, kwa hiyo usiidai kama vile ni posho.

Jina nalo lina mambo yake. Sisi tunaenda na jina langu, la baba, la ukoo, wao wanataka la kwanza, la kati, la mwisho, na karani akichanganya unakuta Mushi limekuwa jina la kwanza mpaka kwenye benki. Jiulize kitu kimoja: lilikosewa siku ile, au ulilibadilisha baadae? Kama lilikosewa, pasi na cheti cha kuzaliwa vya kipindi hicho vinatosha kuanzia. Kama ulilibadilisha baada ya kutoka, sababu ya ndoa au ulipochukua jina la ubatizo, bodi kwa kawaida inasema rekodi ilikuwa sahihi wakati ule, haibadilishi. Hapo hauhitaji kesi, unatembea na hati ya kubadili jina pamoja na DD-214.

Mlango upi?

Watu wengi wanakimbilia bodi moja kwa moja, wanakaa kwenye foleni weee, halafu wanarudishiwa na barua inayosema hukumaliza njia za kawaida kwanza. Kuna milango minne, na inabidi ujue wako.

Wa kwanza ni wa makosa ya karani na medali ambazo tayari ni zako kwa karatasi. Yani oda ipo, cheti kipo, au kama mfano wetu wa juu kiboksi kimoja kinamsuta mwenzake. Hapo unaandika barua fupi kwa ofisi ya utumishi ya tawi lako: jeshi la nchi kavu ni HRC kule Fort Knox, Kentucky, wanamaji ni Millington, Tennessee, marini ni Quantico, Virginia, jeshi la anga ni kambi ya Randolph, San Antonio. Waliotoka zamani kidogo wanapitia NPRC hiyo hiyo. Wakikubali wanatoa DD-215, karatasi ya marekebisho inayokaa nyuma ya DD-214. Watu wengine wanakasirika kwamba hawakupewa cheti kipya. DD-215 ina nguvu ile ile, usitembee na moja bila nyingine.

Wa pili ni wa medali ambayo hukuwahi kupewa wala kuandikiwa, ila unaamini ulistahili. Huu ni mgumu, niseme ukweli. Lazima mtu aliyeona kwa macho akuandikie pendekezo, lipite kwa waliokuwa makamanda wako. Na kama muda wa kupendekeza umeshapita, sheria yao inaruhusu lipelekwe kupitia mbunge wa bunge la Marekani. Wewe uliye Njiro una mbunge, ni wa lile eneo ulilokuwa unaishi mara ya mwisho kule na ambalo bado unapigia kura za nje. Ofisi yake ina mtu wa kushughulikia mambo ya maveterani, muandikie, ni kazi yake.

Nishani ya majeruhi, Purple Heart, iko tofauti, haiendi kwa ushujaa. Ni haki ya aliyejeruhiwa na adui, lakini lazima yathibitike mambo matatu pamoja: jeraha lilitokana na adui, lilihitaji kutibiwa na tabibu wa jeshi, na matibabu hayo yaliandikwa. Mtikisiko wa ubongo kutokana na mlipuko nao unaweza kuhesabika. Ripoti ya daktari wa KCMC ya mwaka jana inaonyesha hali yako ya leo, ni nzuri kwa madai ya VA, ila haithibitishi kilichotokea 2011. Tafuta karatasi ya siku ile.

Wa tatu ni wa hadhi ya kuachishwa. Kama uliondolewa kwa hadhi mbaya na haijapita miaka 15, unatumia fomu DD-293 kwenda bodi ya mapitio ya kuachishwa. Ikipita 15, au kama ilikuwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, unaenda mlango wa nne. Waliopata uraia kupitia jeshi wasikilize vizuri hapa: sheria inaruhusu uraia huo ufutwe kama mtu aliachishwa kwa mazingira yasiyo ya heshima kabla hajafikisha jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima. Ukiwa kwenye kundi hilo usijaze fomu peke yako, tafuta mwanasheria anayejua mambo ya jeshi na uhamiaji vyote viwili.

Wa nne ndo bodi ya marekebisho ya rekodi, fomu DD-149. Nchi kavu wana yao, wanamaji na marini wanachangia moja, anga na anga za juu wanachangia moja, walinzi wa pwani wana yao chini ya wizara ya usalama wa ndani. Inaweza kurekebisha karibu kila kitu isipokuwa kufuta hukumu ya mahakama ya kijeshi.

Karatasi za siku ile

Hapa ndo tumia muda wako mwingi. Bodi inaipenda karatasi iliyoandikwa tukio lilipotokea, na mtu ambaye hakuwa na faida yoyote ya kudanganya. Oda za kupelekwa vitani. Tathmini zako, maana bosi huwa anaandika "aliongoza misafara kadhaa" bila kujua anakutengenezea ushahidi. Salari slipu za jeshi, zile LES, watu wanazidharau kweli: ikiwa na nyongeza ya eneo la hatari ya hadi dola 225 kwa mwezi na msamaha wa kodi wa eneo la vita, tayari serikali yenyewe imekubali ulikuwepo. Madai ya nauli. Kadi ya chanjo. Oda za kikosi kizima kupewa tuzo, ambazo zinakuhusu ukionyesha tu ulikuwa kikosini tarehe hizo. Picha nayo weka, ila peke yake haibebi kesi.

Halafu mashahidi. Watafute kwenye magrupu ya kikosi Facebook na WhatsApp, wengi wanajibu. Ila wape mwongozo namna ya kuandika. Maelezo kama "alikuwa askari mzuri sana, anastahili medali hii" hayana kazi. Yanayofanya kazi yako hivi: "Machi 2012 nilikuwa dereva wa gari la pili kwenye msafara. Bomu lililipuka chini ya gari la kwanza. Nilimuona akitolewa upande wa abiria, sikio la kushoto linatoka damu, tabibu wa kikosi akamfunga pale pale na jioni helikopta ikamchukua." Shahidi aseme yeye ni nani, alikuwa na cheo gani, alisimama wapi, na alichoona mwenyewe. Alichohadithiwa aseme amehadithiwa. Na usiwaandikie wote maelezo ya kufanana neno kwa neno, bodi inasoma barua hizi kila siku na inajua kopi ikiiona.

Kuhusu viapo, watu wanapanda basi mpaka Dar kugongewa muhuri ubalozini, ambao kila muhuri ni dola 50, wakati mara nyingi hauhitajiki. Sheria ya Marekani, kifungu cha 1746 cha kitabu cha 28, inakubali tamko lisilo la kiapo. Shahidi akiwa nje ya Marekani anamalizia kwa Kiingereza: I declare under penalty of perjury under the laws of the United States of America that the foregoing is true and correct. Halafu tarehe na saini. Hayo maneno ya sheria za Marekani usiyaruke, ndo yanayotofautisha tamko la nje na la ndani ya nchi yao.

Skani kila kitu kwa rangi, steshenari yoyote nzuri pale mjini wanafanya, ila usiwaachie flashi yenye namba yako ya hifadhi ya jamii, kaa hapo mpaka wafute. Taja kila kiambatanisho kwa namba. Na kamwe usiguse DD-214 kwa kompyuta "kuweka sawa" kiboksi. Hiyo ni jinai, na kesi yako yote halali inakufa nayo.

Kujaza DD-149

Fomu yenyewe ni fupi, ugumu uko sehemu mbili. Ya kwanza wanakuuliza unataka nini kirekebishwe. Andika kama unaagiza kwa fundi: "kiboksi 13 kiongezwe Afghanistan Campaign Medal na nyota moja ya kampeni". Usiandike "naomba haki itendeke". Ya pili ni kwa nini ni kosa au ni dhulma. Kosa ni pale kanuni haikufuatwa, dhulma ni pale kanuni ilifuatwa lakini matokeo hayakuwa ya haki. Chagua, au eleza zote kila moja kivyake, na kila sentensi yenye madai iwe na "tazama kiambatanisho namba fulani".

Kuna muda wa miaka mitatu tangu ugundue kosa. Imepita? Tuma tu, bodi ina uwezo wa kusamehe kwa maslahi ya haki, ila jaza sehemu ya sababu. Sema lini uligundua na kwa nini ulichelewa. Kwamba ulikuwa Tanzania bila kuwa na faili lako ni sababu ya kueleweka, weka na barua ya NPRC inayoonyesha lini ulilipata.

Kabla ya kutuma soma maamuzi ya nyuma. Bodi zinayachapisha kwenye mtandao majina yakiwa yamefutwa, anwani ni boards.law.af.mil. Tafuta kesi inayofanana na yako, usome sehemu ya mwisho wanapoeleza walichokosa kwa waliokataliwa. Mimi naona hii ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, hata wangu.

Msaada wa bure upo. Vyama vya maveterani vya kule, American Legion, DAV na VFW, vina watu wa kukusaidia kujaza na wanafanya kazi kwa barua pepe. Akitokea mtu hapa mjini anayedai laki kadhaa ili "akufuatilie Washington", achana nae.

Kusubiri na kujibu

Sheria inataka asilimia 90 ya kesi ziamuliwe ndani ya miezi 10 na zote ndani ya 18, kwa vitendo wanachelewa. Kinachoua kesi za watu wa huku ni barua za katikati. Bodi inaweza kuomba maoni ya wataalamu wa jeshi, halafu inakutumia nakala na kukupa muda mfupi wa kujibu. Barua ikienda sanduku la posta la shule uliyosoma, muda unaisha wewe hujui. Weka barua pepe unayoifungua kila siku, na ikiwezekana anwani ya ndugu anayeaminika kule Marekani. Maoni yakiwa mabaya jibu hoja moja moja kwa karatasi, usilalamike kwamba hawakutendei haki.

Kusikilizwa ana kwa ana ni nadra na nauli ni yako, chukulia kwamba wataamua kwa makaratasi.

Wakikataa

Unaweza kuomba waangalie upya, lakini lazima ulete kitu kipya ambacho hawakukiona. Kutuma yale yale kwa maneno makali zaidi hakusaidii. Soma uamuzi wao, watakuwa wametaja pengo, nenda kalijaze: shahidi mwingine, LES ya mwezi uliokosekana, oda iliyokuwa kwa mwenzako wa kikosi. Kwa waliodai hadhi ya kuachishwa, na walioachishwa kuanzia 20 Desemba 2019, kuna ngazi nyingine ya rufaa inaitwa DARB. Baada ya hapo ni mahakama ya shirikisho, na hapo ni wakili.

Wakikubali

Utapata uamuzi kwanza, DD-215 au DD-214 mpya inafuata baadae, na medali zenyewe baadae zaidi. Tuma nakala VA wewe mwenyewe, usisubiri ofisi ziambiane. Kama marekebisho yamegusa cheo au tarehe, ulizia malipo ya nyuma kwa DFAS, ofisi yao ya mishahara. Na kama una ugonjwa uliothibitishwa kutokana na utumishi, VA ina mpango wa kulipia matibabu ya nje ya nchi, FMP, ambao unaweza kuutumia ukiwa hapa Moshi.

Medali ni bure kwa mwenyewe. Zielekezwe kwa ndugu aliyeko Marekani kisha azibebe akija Disemba, kwenye begi la mkononi pamoja na nakala ya DD-215, ili mtu wa forodha pale KIA akiuliza hivi vyuma ni vya nini awe na cha kumuonyesha.